Firigisi za Hoteli ya Kitale

Juzi mjukuu wangu alinipeleka kula Kitale. Si kula kwa kawaida, ni ule mkahawa mpya wenye ndugu zake Bungoma na Eldoret, viti vyake laini mpaka mtu anasinzia, na taa zinawaka mchana. Msichana wa hapo akaja ananichekea meno yote nje kama tunajuana. Akauliza kama chai ni nzuri. Nikasema ni chai. Nilipoweka kikombe chini akauliza tena. Tulipomaliza akampa mjukuu kitu kwa simu, ati tuseme tumehudumiwa namna gani, tubonyeze nyota, moja mpaka tano. Mjukuu akaniangalia. "Kukhu," ndivyo nyanya huitwa kwetu, "niweke ngapi?"

Nikamwambia, ngoja kwanza bana. Mimi katika mji huu nimeshawahi kuhudumiwa mpaka damu ikamwagika juu ya ugali, na hakuna mtu aliniuliza nimeonaje. Akacheka, akafikiri ni mzaha wa wazee. Si mzaha. Kaa hapo na wewe nikuambie, rafiki yangu, maana hawa watoto wanasikiliza na sikio moja.

Zamani hizo sisi tulikaa Ndalu, na familia moja ilikuwa na hoteli tatu. Hoteli ninayosema ni ya kula, si ya kulala. Mama mwenyewe alikuwa Kitale, kaka yake Bungoma karibu na reli, na binti yake pale kwetu sokoni Ndalu. Walikuwa watu wa kutoka upande wa kati, waliokuja kununua mashamba Trans-Nzoia. Yule mama tulimwita Mama Hoteli. Zote tatu zilipakwa rangi moja, kijani mpaka kiunoni na juu nyeupe ya kuchafuka, sahani zile zile za bati zenye ukingo wa buluu, harufu ile ile ya kitunguu kinachoungua kidogo. Ukiingia moja umeingia zote. Weita wote walikuwa watoto wa ndugu, na wote walipigwa na mtu mmoja.

Huyo mama alikuwa anapiga! Akiwa na kitambaa cha kupangusa meza, alikilowesha kwanza ndiyo kilie vizuri. Weita akimwaga chai, paa! Weita akichelewa, paa! Kwa ukuta waliandika kwa rangi nyekundu: HAKUNA KUKETI BILA KULA. MWENYE MALALAMIKO AENDE JIKONI. Siku moja mimi na baba tulikuwa hapo, dereva wa lori akalalamika ati supu imepoa. Akaenda jikoni kweli, mwanaume mzima. Tukasikia Mama Hoteli akiuliza kwa upole kama wa kanisani, "Imepoa, mzee? Imepoa kabisa?" Halafu tukasikia ukelele. Alirudi suruali yote ya mbele inatoa mvuke, anatembea kama bata. Kesho yake nani alikuwa pale wa kwanza kabisa? Ni yeye. Akaambiwa, "Karibu. Leo ni moto?" Akasema ni moto sana mama, asante.

Utaniuliza kwa nini watu walirudi. Walirudi kwa sababu ya chakula. Ile chapati, ukiivuta inakuja nyuzi nyuzi. Ile mboga ya sukuma, imekatwa nyembamba kama nywele. Na huyo mama alikuwa anajua kila mteja anakula nini na hakusahau. Na sisi tulikuwa tumezoea kupigwa, tusidanganyane. Shule niliiachia darasa la tatu kwa sababu ya mwalimu mmoja aliyekuwa akipiga na rula ya ubao, tena kwa makali yake. Nikaona heri ng'ombe. Nyumbani ulipigwa, kanisani ukisinzia ulifinywa. Hoteli ingekuwaje tofauti?

Sasa nakuja kwa siku yenyewe. Shangazi yangu, dada mdogo wa baba, alikuwa amepata mchumba. Tayari mmoja alikuwa amemtoroka, na watu wa Ndalu wana midomo. Huyu wa pili alikuwa dereva wa trekta kwa shamba kubwa karibu na Kitale, kwao ni Bumula. Mtu mtulivu, kofia mkononi kila akisimama mbele ya wazee. Shangazi alimpenda, bana. Alikuwa akisikia trekta yoyote barabarani anaacha kufua anasimama. Aliniambia tukichuma mboga, "Hii ikivunjika tena, mimi sitaolewa na mtu. Nitazeekea kwa hii jiko ya mama." Nilikuwa na miaka tisa hivi lakini nilielewa kwamba hasemi tu.

Siku ya wazee wa Bumula kuja ikapangwa. Wiki ile upepo wa mwezi wa tatu ukang'oa mabati ya nyumba yetu yote, mengine tukayakuta kwa mahindi ya jirani. Huwezi kukaribisha wakwe chini ya mbingu. Na siku ikishatajwa haisogezwi, unaonekana unakataa. Baba akasema basi, tutawalisha hotelini, Kitale, ndio kisasa. Nyanya yangu akasema neno moja, "Mkwe halishwi jiko la mtu." Baba akasema, "Mama, basi tumlishe upepo?" Nyanya akanyamaza. Kunyamaza kwa nyanya hakukuwa kukubali, lakini baba hajawahi kujua hiyo.

Baba akaenda Kitale mapema kuongea na Mama Hoteli. Jogoo wawili wa kienyeji, ugali wa wimbi, chai nyingi. Halafu akamwambia kitu ambacho aliona ni cha maana. Akasema, "Mama, hii siku ni ya dada yangu. Mtunze vizuri, asione aibu." Mama Hoteli akajibu, "Huyo ni msichana wetu. Niachie mimi."

Tulienda na lori la mahindi, mimi nimekaa juu ya magunia. Na hapo kwa hoteli shida zikaanza kabla hata ya maji ya kunawa. Nyumbani wasichana hukaa ndani na wanawake, wazee wanaongea mbele. Hotelini ndani ni wapi? Kuna chumba kimoja na meza ndefu. Shangazi akaketishwa hapo hapo mezani, anaangalia kucha zake, amevaa gauni ya rangi ya machungwa ya kuazima. Na nyanya sasa. Kwetu mama mkwe na mkwe hawaonani uso mpaka mambo yote yaishe na heshima zake zitolewe. Mama akimtazama kijana usoni kwa kusudi kabla ya hapo, amemkataa, hakuna maneno mengine. Kwa hivyo nyanya alikaa mwisho wa meza amegeukia ukuta, leso imefunika kichwa, pua yake karibu iguse ile rangi ya kijani. Mimi nikawekwa kando yake niwe macho yake.

"Wameingia wangapi?" akanong'ona.

"Wanne."

"Yule mkubwa ana fimbo?"

"Anayo."

"Mh," akasema nyanya.

Huyo mkubwa alikuwa baba mdogo wa kijana, ndiye msemaji wao, mwanaume mpana kama mlango wa stoo. Wengine walikuwa wazee wawili wasiosema, na kijana mwenyewe na kofia yake. Maneno yalienda vizuri. Baba mdogo alitania, baba akatania. Mtu akamwambia shangazi, "Mbona unaangalia chini, umepoteza nini huko?" Wakacheka. Nikamwona kijana akitabasamu kwa meza, na shangazi akatabasamu kwa kucha zake.

Chakula kikaja. Sasa hapa sikiliza, maana hili kosa lilitaka watu wa aina mbili ndio litokee. Kwetu firigisi ya kuku ni ya mkubwa wa meza. Mgeni wa heshima anaangalia bakuli, anaikuta, anajua amepokewa. Mwanamke haigusi. Nyanya yangu hata kuku mwenyewe hajawahi kumla mpaka anazikwa, hivyo ndivyo walilelewa. Lakini kwa kina Mama Hoteli ni mambo ya mbuzi. Mbuzi akichinjwa, figo ni za wasichana, ndio heshima yao. Kuku hana figo ya maana. Yule mama, roho safi kabisa, ameambiwa siku ni ya msichana, akafikiri: kile kinyama kidogo kitamu ni kipi? Akatoa firigisi mbili kwa karai. Moja akaiweka juu ya sahani ya shangazi, imekaangwa na kitunguu. Na ya pili akampa msichana mdogo.

Msichana mdogo ni mimi. Ilikuwa mdomoni mwangu, nimejificha kwa bega la nyanya, na sikusema. Mpaka leo hii ndiyo mara ya kwanza nasema. Ilikuwa tamu.

Shangazi hakujua anakula nini, tulikuwa hatujala tangu alfajiri na macho yake yalikuwa chini. Akaitia mdomoni. Baba mdogo alikuwa akitafuta ndani ya bakuli. Aligeuza paja, akageuza shingo. Akatumia kidole. Meza ikaanza kunyamaza mtu mmoja mmoja.

"Weita," akasema. "Kuku ni mbili. Firigisi ni ngapi?"

Weita, mmoja aliyewahi kung'atwa sikio na kaka yake Mama Hoteli huko Bungoma kwa ugomvi wa sufuria, hiyo ni hadithi nyingine, akasema bila wasiwasi, "Zimeshaenda kwa wenyewe, mzee." Akaonyesha shangazi na kidevu.

"Kuna nini?" nyanya akaninong'oneza. Sikuweza kujibu, nilikuwa natafuna.

Baba mdogo akasimama. Akamwambia shangazi, "Tema."

Shangazi akainua macho mara ya kwanza siku hiyo. Akamwangalia baba mdogo, akaangalia baba, akamwangalia kijana wake. Kijana alikuwa anaangalia kofia. Shangazi akatafuna polepole. Halafu akameza. Nyumba yote iliona koo yake ikishuka.

Baba mdogo akachukua bakuli la mchuzi akalirusha. Sijui alilenga nani, lilimpata baba kifuani. Baba akashika birika la chai, la moto, akalipeleka kwa ule uso mpana, na nikasikia mlio ambao hutoka kwa bati na mfupa pamoja. Meno mawili yakaanguka kwa sukuma. Fimbo ikaja chini kwa bega la baba, baba akaenda na kiti. Wale wazee wawili wasiosema kumbe walijua kupiga teke. Halafu wateja wengine, madereva na wauzaji wa viatu, wakaingia. Hawakujua ni kwa sababu gani. Kitale watu hawakuuliza sababu, waliuliza ni upande gani una watu wachache.

"Nani ameanguka?" nyanya akauliza ukuta.

"Baba."

"Ameamka?"

"Ameamka. Ameanguka tena."

Mama Hoteli akatoka jikoni na mwiko wa kusongea ugali, ule mrefu kama kasia, na akaanza kuhudumia wateja. "Ngai, Mungu wangu! Kwa hoteli yangu? Kwa sahani zangu?" Kila neno na mwiko wake. Alipiga wa Bumula, alipiga wa Ndalu, alimpiga weita kwa mazoea. Kioo cha kabati la mandazi kikapasuka. Mtu alikuwa anapiga kelele chini ya meza, mkono wake umekanyagwa juu ya vigae vya glasi, na nilinusa damu na pilipili na chai ya maziwa, harufu ambayo hata leo nikimwaga chai kwa jiko inanirudia. Nyanya hakugeuka. Chupa ilipita ikapasuka kwa ukuta mbele ya pua yake, akajipangusa vipande kwa leso, hakugeuka. Alikuwa amekaa vile kwa ajili ya binti yake, unaelewa? Maadamu hajamtazama yule kijana, ndoa bado iko. Wanaume hupigana na hupatana. Faini ya mbuzi, mambo yanaisha.

Na kijana, nisimnyime haki yake, mwanzo alikuwa anamshika baba yake mdogo kiuno, anasema, "Wacha, papa, wacha." Lakini yule mzee, mdomo umejaa damu, akamgeukia akamwambia mbele ya watu wote, "Huyu ni bibi yako ama ni bwana yako? Kama ni bibi yako, mfunze sasa, nione."

Vita vikapungua kidogo, kama watu wanataka kusikia. Kijana akasimama katikati. Nilikuwa sijawahi kuona mtu akipiga huku anaogopa. Uso wake ulikuwa wa mtoto aliyetumwa. Akaenda kwa shangazi akampiga kofi. Shangazi hakuanguka, akamwangalia tu. Na kwa sababu alimwangalia, akampiga tena, sasa ni ngumi, na damu ikatoka puani ikashuka kwa ile gauni ya kuazima.

"Ni nani sasa?" nyanya akauliza. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

Nilijua nikisema, ndoa imeisha. Nilikumbuka tukichuma mboga na maneno aliyosema. Nikanyamaza. Kweli nilinyamaza, nikitaka shangazi aolewe.

Ni shangazi mwenyewe aliyesema. Hakulia. Alimwambia mama yake kama mtu anayeomba chumvi, "Mayi, geuka."

Nyanya akatoa leso kichwani. Akaikunja, akaiweka mezani. Akageuka na kiti chake chote, kile kiti kikalia kwa simiti, na akamtazama yule kijana usoni. Hakupepesa. Alimtazama kutoka nywele mpaka kidevu, halafu akarudi juu. Wale wa Bumula wakajua. Hata baba mdogo fimbo ikashuka. Kijana akajaribu kujificha uso na kofia, lakini ilikuwa imechelewa.

"Kumbe ni huyu," akasema nyanya.

Hayo tu. Wakaokota meno yao wakatoka.

Baada ya wiki mbili walileta mbuzi. Baba alikuwa tayari kupatana, mbavu zimefungwa kitambaa, anasema hasira ni hasira tu, nani hajapigwa? Nyanya akajibu kwamba macho hayarudishwi. Shangazi hakutoka hata kuona mbuzi. Jioni ile trekta ilipita barabarani na yeye alikuwa anafua. Mkono ulisimama ndani ya maji. Halafu ukaendelea kufua.

Mama Hoteli alipoelewa alichofanya alikuja mwenyewe mpaka Ndalu, na gunia la unga na macho mekundu. Akamwambia shangazi, "Msichana wangu, nimekuharibia." Shangazi akamjibu, "Ungenipa kidari, ningemjua mtu huyo lini?" Wakaondoka pamoja. Alimpeleka hoteli ya Bungoma kwa kaka yake, na miaka michache mbele shangazi ndiye alikuwa anaiendesha ile nyumba.

Ningependa kukuambia alikuwa mpole huko. Hapana. Alipiga kuliko Mama Hoteli. Alikuwa na mkono mwepesi kama wa fundi. Weita walimwogopa, wateja walikula kimya na walirudi. Mimi nikienda kumtembelea alinipa chapati mbili na kofi moja, na vyote nilivihesabu kuwa mapenzi. Sijui kama nilihesabu sawa. Mimi mwenyewe nimelea watoto sita kwa huo mkono, na wawili hawanipigii simu.

Sasa hakuna kitu. Hoteli ya Ndalu ilishika moto na soko. Ya Kitale ilibomolewa, wanauza simu hapo. Ya Bungoma iliuzwa baada ya kaka mtu kufa, na aliyenunua akaipaka rangi nyingine. Nyanya, baba, Mama Hoteli, shangazi, wote wako chini ya udongo. Watu wa rika langu wakikutana wanasema ati zamani palikuwa na heshima, mteja alijua mahali pake. Na mimi hutikisa kichwa nao, kwa sababu ni ukweli kwamba ninatamani ile chapati mpaka mate yananitoka. Lakini nikiwa peke yangu nakumbuka mteja mmoja, na huyo ndiye ananifanya ninyamaze.

Ilikuwa Bungoma, saa sita mchana, hoteli imejaa. Mwanamke akaingia na mtoto mgongoni. Jicho moja lilikuwa limefunga kabisa, limevimba rangi ya biringanya. Aliketi karibu na mlango kama mtu ambaye anaweza kufukuzwa. Watu walimjua, mmoja akamnong'oneza shangazi: ni bibi ya yule dereva wa trekta wa Bumula. Nikamwona shangazi akitoka jikoni. Halafu akamtoa mzee mmoja kwa meza ya katikati, akamketisha yule mwanamke hapo. Akamnawisha mwenyewe, akamletea kuku, ugali, na maziwa ya mtoto. Akavuta kiti, akamkalia kando. Hakumuuliza kitu. Weita aliyejaribu kupita karibu alirudishwa na macho. Nilifikiri atamwambia abaki. Nilingoja amwambie, kwa sababu kulikuwa na kazi, na mahali pa kulala, na yeye alijua hiyo njia. Labda alifikiri hilo ni neno ambalo mtu hutoa mwenyewe, kama alivyotoa lake pale Kitale. Labda ilikuwa kiburi. Sikumuuliza, na sasa nitamuuliza nani?

Yule mwanamke alikula polepole, upande mmoja wa mdomo. Alipomaliza alimfunga mtoto vizuri, akasema asante mama, akashika njia ya Bumula. Shangazi alisimama mlangoni, chakula kinaungua nyuma yake na hakuna aliyethubutu kumwambia, akamtazama mpaka miwa ikamficha.